Kujifunza Kuruka Ukiwa Chini: Historia Inayopita Port Reitz

Njia kuu ya ndege katika uwanja wa Moi, Changamwe, Mombasa, ina urefu wa mita 3,350 na namba mbili zilizopigwa kwa rangi nyeupe, moja kila ncha: 03 na 21. Ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho. Rubani anayeanza mbio kwenye 03 ameelekea nyuzi 30, kaskazini-mashariki, uso kwa uso na kaskazi. Miezi ikigeuka na kusi ikashika zamu, anaanzia ncha ya pili, nyuzi 210. Ndege huruka na kutua vizuri ikipokea upepo wa mbele, kwa hiyo pepo zilezile mbili zilizoleta majahazi kutoka Maskati na kuyarudisha ndizo zinazoamua hadi leo ndege ipite juu ya paa la nani. Mkazi wa Magongo au Chaani hahitaji kalenda. Ndege zikitokea upande wa Dongo Kundu na kuvuka hori la Port Reitz, ni kaskazi. Zikitokea upande wa Mikindani, kusi imeshaingia.

Watu hawa wameishi chini ya ndege kwa zaidi ya miaka 80. Waliowahi kushika usukani wa ndege ni wachache mno. Sababu si woga wala uvivu wa masomo. Tangu mwanzo, kizuizi kikubwa kimekuwa bei ya saa moja ya hewani, na historia ya mashine za kuigiza urukaji, zinazoitwa simuleta, ni historia ya watu waliotafuta namna ya kuipunguza bei hiyo, ya fedha na ya roho za watu. Historia hiyo inapita Port Reitz, na ndiyo maana naiandika nikianzia hapa.

Jina lenyewe ni la kijana mgeni aliyekaa muda mfupi sana. Mwaka 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alikubaliana na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, bendera ya Uingereza ikapandishwa mjini, naye akamwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi. Homa ilimuua Reitz mwaka huohuo. Hori likabaki na jina lake, kisha mtaa, kisha hospitali, na kwa muda mrefu uwanja wa ndege pia.

Kabla ya uwanja, ndege zilizoleta abiria wa mbali Mombasa zilitua majini. Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta ndege kubwa za Short Empire zenye injini nne na tumbo kama la mashua. Zilitoka Southampton hadi Durban zikipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Abiria walikuwa maofisa na matajiri. Bara nako, Florence Kerr Wilson alikuwa ameanzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, na klabu ya marubani, Aero Club of East Africa, ilikuwapo tangu 1927. Hapo ndipo urubani kama starehe ulipoanzia Kenya, na ilikuwa starehe ya walowezi. Beryl Markham alifundishwa na Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways, na mwezi Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, mashariki kwenda magharibi, upepo ukimpiga usoni njia nzima.

Pwani tulishuhudia upande wa pili wa starehe hiyo. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, aliyekuwa na nyumba Takaungu, alipaa kutoka Voi na ndege yake ikaanguka papo hapo. Vitabu na filamu vimemlilia sana. Aliyekufa naye katika kiti cha pili alikuwa mtumishi wake, Kamau, na jina lake hutajwa kwa haraka, kama linatajwa kabisa. Nalitaja hapa kwa sababu katika miaka ile, Mwafrika aliyekuwa ndani ya ndege Kenya kwa kawaida alikuwa amechukuliwa kama mzigo mwingine wa bwana wake. Usukani haukuwa wake kujaribu.

Vita vilipoanza 1939, mafunzo yaliharakishwa. Mwandishi Roald Dahl, wakati huo karani kijana wa Shell mjini Dar es Salaam, aliendesha gari hadi Nairobi mwezi Novemba akajiandikisha katika jeshi la anga. Alifundishwa kwa ndege ndogo ya Tiger Moth yenye mabawa mawili mawili na viti vilivyo wazi, na baada ya saa 7 na dakika 40 akaachiwa aruke peke yake. Katika kitabu chake Going Solo cha 1986 anasema walianza vijana 16, na vita vilipokwisha walibaki hai 3. Si wote waliouawa na adui. Katika miaka ile ajali za mafunzo na hali mbaya ya hewa ziliua marubani wengi kabla hawajaona vita.

Kisha vita vikafika Kilindini. Aprili 1942 manowari za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee, zikazamisha meli ya kubebea ndege Hermes pamoja na meli nyingine. Admirali James Somerville aliona Ceylon si salama, akauhamishia msafara wake wa meli Mombasa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, maji yaliyo kati ya kisiwa na Likoni yalijaa meli za kivita, na shule ya Allidina Visram ikachukuliwa na wataalamu wa kusoma siri za Wajapani. Changamwe nako, wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini walikuwa wamejenga uwanja wa ndege, na jeshi la majini la Uingereza likaufanya kituo cha ndege zake.

Ulihitajika kwa sababu rahisi. Meli ya kubebea ndege ikitia nanga bandarini, ndege zake haziwezi kufanya kazi kama kawaida: sitaha ni fupi, na ni mwendo wa meli ikikimbilia upepo ndio unaoipa ndege nguvu ya kupaa. Kwa hiyo meli ikikaribia bandari, ndege hutangulia kuruka na kutua nchi kavu, na rubani huendelea na mazoezi huko mpaka meli itoke tena. Marubani wa majini walikuwa na zoezi moja ninalolipenda kuliko yote. Kwenye viwanja vya nchi kavu walichorewa umbo la sitaha juu ya njia ya ndege, akasimama mtu na vibao viwili mkononi kuwaongoza, wakatua mara kwa mara wakijifanya wako baharini. Kosa la mita 10 kwenye lami lilikuwa aibu tu mbele ya wenzako. Kosa hilohilo katikati ya Bahari ya Hindi lilikuwa kifo. Hiyo tayari ni simuleta, ingawa haikuwa na waya hata mmoja.

Yenye waya ilikuwapo pia, na mwanzo wake ni kiwanda cha vinanda.

Mwaka 1920, huko California, kijana Edwin Link ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 17 alilipa dola 50 apate somo lake la kwanza la urubani katika kampuni ya ndege ya Sydney Chaplin, ndugu wa mwigizaji Charlie Chaplin. Mwalimu alimzungusha angani, akapindua ndege juu chini, akapita karibu na mapaa, kisha akatua. Link aliteremka akiwa hajagusa usukani hata mara moja. Dola 50 za wakati ule zilikuwa fedha nyingi kwa kijana, naye alijua hazimudu kila wiki. Alirudi Binghamton, New York, kwenye kiwanda cha babake cha piano na vinanda vya kanisani na vya kumbi za sinema, akaendelea kutengeneza vinanda huku akiwaza.

Vinanda hivyo hufanya kazi kwa hewa. Ndani mna mivukuto inayojazwa na kunyonywa, na kila kitufe kikibonyezwa hewa hukimbilia pale inapotakiwa. Link alichukua mivukuto hiyo, akaiweka chini ya kisanduku cha mbao chenye umbo la ndege ndogo, mabawa mafupi na mkia, akaunganisha na pampu ya umeme. Mwanafunzi akivuta usukani nyuma, mvukuto wa mbele unajaa na pua inainuka. Akiusukuma kushoto, upande mmoja unanyonywa na sanduku linalala. Aliimaliza mashine hiyo mwaka 1929 akaomba hataza. Shule za urubani hazikumjali. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani, wakaitumia kama pembea ya kulipia.

Kilichomwokoa ni msiba wa wengine. Februari 1934 serikali ya Marekani ilizinyang'anya kampuni binafsi kazi ya kubeba barua kwa ndege ikaipa jeshi. Marubani wa jeshi walizoea kuruka mchana wakitazama chini. Sasa wakatumwa usiku, ndani ya theluji na mawingu, na katika wiki chache walikufa zaidi ya 10. Maofisa wakakumbuka habari za yule fundi wa vinanda, wakapanga kuonana naye Newark. Siku ya miadi ukungu ulishuka mpaka wakaanza kufunga safari ya kurudi, wakijua hakuna atakayeruka hali ile. Link akatua, akitokea ndani ya ukungu kwa kusoma vipimo vyake tu. Jeshi likanunua mashine 6, dola 3,500 kila moja.

Mashine hiyo iliyopakwa rangi ya buluu ilikuwa na kifuniko. Mwanafunzi akishaketi, kifuniko kilifungwa juu yake akabaki gizani na saa zake za mwinuko, mwendo na dira, na sauti ya mwalimu masikioni. Nje, mwalimu aliketi mezani mbele ya ramani. Juu ya ramani palitembea kifaa kidogo cha magurudumu yenye wino, nao walikiita kaa, kikichora njia ambayo mwanafunzi anadhani anapita. Saa moja ikiisha, kifuniko kilifunguliwa naye akaonyeshwa mstari wa wino. Alipodhani ameshika njia sawasawa kuelekea uwanjani, kaa alionyesha kwamba alipita mlimani. Hapo hakuna wa kubishana naye. Katika miaka ya vita takribani nusu milioni ya wanajeshi wa anga wa Marekani na washirika wake walipita ndani ya masanduku hayo, na kwa mafunzo ya marubani wa Uingereza waliokuja kutua kwetu yalikuwa kitu cha kawaida.

Inafaa kueleza giza lile lilikuwa la nini, kwa sababu watu wengi hudhani simuleta hufundisha mikono. Kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kumfundisha mtu kutoliamini sikio lake. Ndani ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, navyo hutuambia tunapogeuka au kulala upande. Ndege ikilala upande mmoja polepole sana, majimaji hayashtuki, na mwili unaapa kwamba uko wima. Ikikaa imelala kwa muda kisha ikanyooshwa, mwili unaapa kwamba sasa imelalia upande wa pili, na mkono unataka kuirudisha ilikotoka. Mchana unaona upeo wa macho na kosa linajisahihisha. Usiku, juu ya bahari isiyo na taa, kilichobaki ni kile kipimo kidogo mbele yako, na lazima ukiamini hata kama kila mshipa wako unakikataa.

Wakenya tulilipa bei ya somo hilo. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Kenya Airways aina ya Airbus A310 ilipaa kutoka Abidjan kuelekea baharini. Tahadhari ya kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea ililia kwa makosa, pua ikasukumwa chini, na kwa mwinuko ule hapakuwa na nafasi ya kurekebisha. Kati ya watu 179 walipona 10. Miaka saba baadaye, saa sita za usiku kuingia tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya shirika hilohilo ilipaa kutoka Douala, Kamerun, mvua ya radi ikiwa imetanda. Rubani alitamka kwamba mtambo wa ndege kujiendesha ushike kazi. Haukushika, na hakuna aliyethibitisha. Ndege ikaanza kulalia kulia taratibu, kwa namna ambayo sikio haliisikii, na kwa karibu dakika nzima hakuna mkono uliogusa usukani. Tahadhari ilipolia, rubani alipotea kabisa kujua ipi juu na ipi chini. Watu wote 114 walikufa katika kinamasi cha mikoko karibu na uwanja. Uchunguzi wa Kamerun ulitaja mambo hayo mawili waziwazi: kupotea mwelekeo, na marubani wawili kutofanya kazi kama timu. Yote mawili hufundishwa ndani ya simuleta. Yote mawili ni vigumu kuyafundisha kwa usalama angani.

Nirudi nyuma kidogo kwenye shule zetu. East African Airways ilianza mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide, na Mombasa ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Chuo cha usafiri wa anga cha Nairobi kilifuata mwaka 1954. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijenga shule ya urubani Soroti, Uganda, mwaka 1971, kijana wa Kenya, Tanzania au Uganda asomee kwa gharama ya serikali zote tatu. Niseme bila kuzunguka: huo ulikuwa mpango bora kuliko wowote tulioupata kabla na baada. Kwa mara ya kwanza saa ya hewani haikutoka mfukoni mwa mzazi. Jumuiya ilipovunjika 1977, East African Airways ilikufa, Kenya Airways ikaanzishwa Januari mwaka huo, na Soroti ikabaki upande wa pili wa mpaka. Tangu hapo Mkenya anayetaka urubani hutegemea jeshi, ufadhili wa nadra wa shirika, au ukoo wenye uwezo. Irene Koki Mutungi, aliyejiunga na Kenya Airways mwaka 1993 akawa rubani wake wa kike pekee kwa miaka sita, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuidhinishwa kuwa kapteni wa Boeing 787, alikuwa binti wa rubani na alisomea Oklahoma. Kipaji chake hakina ubishi. Swali langu ni wangapi wenye kipaji kama chake walizaliwa Changamwe kwa wazazi wa kibarua cha bandarini.

Wakati huo simuleta zilikuwa zimekua. Mashine za leo za mashirika makubwa husimama juu ya miguu sita ya chuma inayorefuka na kufupika, muundo uliotangazwa sana na mhandisi D. Stewart mwaka 1965. Ndani ni chumba cha rubani kamili, kila swichi mahali pake, na mbele yako picha ya uwanja unaotaka. Miguu hiyo haiwezi kukimbia popote, kwa hiyo hukudanganya kwa ustadi: unapopeleka injini mbele, chumba chote huinamishwa nyuma taratibu wakati picha ikibaki sawa, na uzito wako mwenyewe unaokusukuma kwenye kiti unausikia kama kasi. Ni udanganyifu wa sikio lilelile, ila safari hii unatumika kufundisha. Zile za daraja la juu kabisa, D, zinakubalika kiasi kwamba rubani mzoefu anayehamia aina mpya ya ndege anaweza kumaliza mafunzo yote humo. Safari yake ya kwanza kwenye ndege yenyewe huwa na abiria nyuma yake na mwalimu pembeni.

Na pale mafunzo hayo yalipokatwa ili kuokoa fedha, tuliona. Boeing 737 MAX iliuzwa kwa ahadi kwamba rubani wa 737 ya zamani hahitaji simuleta, kozi fupi ya kompyuta inatosha. Tarehe 29 Oktoba 2018 ilianguka moja Indonesia na watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi, watu 157, na kati yao Wakenya 32, wengi kuliko taifa lolote jingine. Ethiopian ilikuwa na simuleta ya MAX chuoni kwake, lakini hata mashine hiyo ilikuwa haijapangwa kuigiza hitilafu iliyowaua. Januari 2020 Boeing yenyewe ilibadili msimamo ikapendekeza marubani wote wapitie simuleta kabla ya ndege hizo kurudi angani. Familia za Wakenya hao 32 zilikuwa zimeshazika.

Wakati mashine kubwa zikipanda bei, jambo jingine lilitokea chini kabisa. Mwaka 1975 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Bruce Artwick, aliandika tasnifu kuhusu kuonyesha mwendo wa ndege kwa kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliiuza kama programu ya kompyuta za nyumbani, na mwaka 1982 Microsoft ikaitoa kwa jina la Flight Simulator. Picha zilikuwa mistari michache, mlima ulikuwa pembetatu. Baadaye zikaja X-Plane, na FlightGear ambayo mtu huipata bure. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na intaneti ikawa ya kutosha kupakua vitu vizito. Toleo la Microsoft la 2020 huvuta picha za setilaiti za dunia nzima. Kijana wa Chaani mwenye kompyuta ya kutosha sasa anaweza kuliona hori la Port Reitz kutoka futi 1,000 juu, jambo ambalo pengine hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuliona.

Nimeiruka safari ya kutoka uwanja wa Moi hadi Ukunda kwenye programu, kwa Cessna 172, ndege ambayo shule nyingi za urubani duniani huitumia. Kusi inavuma, kwa hiyo unaanzia 21. Unasukuma nyenzo ya mafuta mpaka mwisho, pua inavutika kushoto na unairudisha kwa mguu wa kulia. Mwendo ukifika noti 55, unainua pua kidogo tu. Hori linapita chini, kisha Dongo Kundu, na kushoto kwako ziko gati za Kilindini, na mbele yake kivuko ambacho watu hupoteza nusu ya asubuhi wakikisubiri. Ukunda ni kama kilomita 30, dakika kumi hivi. Kila anayeanza hukosea hapo mwisho. Akiona yuko juu mno anasukuma pua chini, mwendo unapanda, ndege inakataa kutua na inaelea mpaka njia inamwishia. Mwalimu atakwambia upunguze mafuta kwanza, uishike pua mahali inapoweka noti 65, na uiache ndege ishuke yenyewe. Kwenye skrini utalikosa jambo hilo mara nyingi na hakuna atakayekutoza.

Lakini skrini haikupi kila kitu, na vijana wasidanganyike. Haikupi uzito wa usukani, wala joto la Machi linaloifanya ndege ipande kwa uvivu, wala mkondo wa hewa unaokutupa juu ya mashamba wakati wa jua kali. Inakujengea pia tabia mbaya moja: macho yanakwama kwenye saa za mbele yako, wakati mwanafunzi wa hatua za mwanzo anatakiwa kutazama nje, kwenye upeo, na kuangalia ndege nyingine. Haina mwalimu, na kosa lisilokemewa linakuwa mazoea.

Ndiyo maana sheria inatofautisha. Kwa kanuni za kimataifa ambazo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, inazifuata, leseni ya rubani binafsi hutolewa kuanzia miaka 17, kwa saa zisizopungua 40 za kuruka, baada ya uchunguzi wa afya na mitihani. Kati ya hizo, saa 5 zinaweza kuhesabiwa kutoka kwenye simuleta iliyoidhinishwa, ukiwa na mwalimu aliyeidhinishwa. Saa 10 lazima ziwe za peke yako, ikiwemo safari moja ya kilomita 270 au zaidi yenye kutua viwanja viwili tofauti. Kwa anayeanzia Changamwe, safari hiyo ingeweza kuwa Malindi, Lamu, kisha nyumbani, ufuo ukimwonyesha njia muda wote. Leseni ya biashara inaanzia miaka 18 na saa nyingi zaidi, na kapteni wa ndege kubwa anatakiwa kuwa na saa 1,500.

Shule za urubani za Kenya nyingi zimejikusanya kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi. Kijana wa Likoni au Kisauni anayepata ada bado anatafuta nauli, chumba cha kupanga na chakula cha miezi mingi. Mombasa kuna vyuo vinavyofundisha uhudumu wa ndani ya ndege na kazi za uwanjani, na ni kazi za heshima, lakini tumezoea kuwaelekeza watoto wa hapa milango ya nyuma ya ndege. Bamburi, huko Kisauni, pamewahi kuwa na kiwanja kidogo cha ndege ndogo. Uwanja wa Moi una njia ya pili, fupi, ya mita 1,260, ambayo Cessna haihitaji hata nusu yake.

Ninachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye bajeti ya kaunti. Chumba kimoja Changamwe, chenye simuleta ndogo iliyoidhinishwa na KCAA na mwalimu mwenye leseni, kwa wanafunzi wa sekondari za Likoni, Kisauni, Jomvu na Changamwe waliofaulu hisabati na fizikia. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kina idara za uhandisi zinazoweza kuitunza mashine, na hata kujenga nyingine, kwa kuwa miguu sita na injini zake ni kazi ya mwaka wa mwisho wa mwanafunzi wa mitambo. Saa 5 za kila mwanafunzi zihesabiwe pale, kwa bei ya umeme na mshahara wa mwalimu. Atakayeonyesha anaweza, kaunti imlipie 35 zilizobaki.